Kabureta Kubwa katika Injini Ndogo

Palipo na mafundi wa injini ndogo halikosekani wazo hili: kwamba pikipiki ikishindwa kupanda, dawa yake ni kuivua kabureta iliyotoka nayo kiwandani na kuifungia nyingine yenye koo pana zaidi. Katika Moshi, ambako barabara karibu zote ziendazo kaskazini huelekea mlimani, wazo hilo lina mvuto wa pekee. Mtu atokaye mjini kwenda Kibosho, Uru au Old Moshi hupanda tangu anapoyaacha mataa ya mji mpaka anapofika kihambani, na aghalabu huwa amepakia abiria, mfuko wa mbolea au gunia la mahindi yaliyovunwa tambarare. Injini hulalama, mwendo hupungua, na msafiri hulazimika kurudi gia ya pili, kisha ya kwanza. Ni rahisi basi kuamini kwamba injini inakosa pumzi, na kwamba koo likipanuliwa pumzi itatosha.

Wazo hilo si la kupuuzwa, kwa maana lina ukweli ndani yake. Lakini ukweli huo ni nusu tu, na nusu iliyosalia ndiyo inayowagharimu watu silinda na pistoni zao. Muuguzi wa zahanati, bwana shamba au kijana anayelipa deni la pikipiki kila wiki hawezi kuichukulia injini iliyoharibika kama somo la fizikia; kwake ni mwezi mzima wa kutembea kwa miguu. Makala haya yanakusudia kueleza kile kinachotendeka ndani ya injini ndogo ya mapigo mawili inapofungwa kabureta kubwa, na kwa nini Mlima Kilimanjaro huifanya hesabu hiyo kuwa ngumu zaidi kuliko ilivyo pwani.

Yafaa kusema kwanza ni injini zipi zinazohusika. Pikipiki nyingi zinazobeba abiria siku hizi zina injini za mapigo manne, na habari zao ni tofauti kwa kiasi fulani. Injini za mapigo mawili zingalipo hata hivyo: katika pikipiki za mashambani za aina ya Yamaha AG100 na ndugu yake DT125, katika misumeno ya mnyororo, katika mabomba ya kubebwa mgongoni yanyunyiziayo dawa kwenye mibuni, na katika vipikipiki vidogo vya magurudumu manne. Zinapendwa kwa sababu ni nyepesi, zina vipande vichache viendavyo, na fundi mwenye spana chache anaweza kuzifungua chini ya mwembe.

Pampu iliyo chini ya pistoni

Mwingereza Joseph Day, wa mji wa Bath, alipata hataza ya injini ya namna hii mwaka 1891. Kabla yake, kuanzia mwaka 1878, Mskoti Dugald Clerk alikuwa amekwisha kutengeneza injini ya mapigo mawili, lakini ya Clerk ilihitaji silinda ya pili ya kusukuma hewa. Werevu wa Day ulikuwa katika kuutumia upande wa chini wa pistoni, ambao hapo awali haukuwa na kazi, uwe ndio pampu.

Pistoni ipandapo hufanya kazi mbili kwa pamoja. Juu yake hukandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli uliokwisha kuingia silindani. Chini yake hupunguza kanieneo katika chumba cha krenki, hata hewa ikavutwa kupitia kabureta, ikichukua petroli njiani. Plagi hutoa cheche, mchanganyiko huungua, na pistoni husukumwa chini. Ikishuka, hukandamiza kile kilichomo katika chumba cha krenki. Kisha hufunua mlango wa kutolea moshi, na punde baadaye hufunua milango ya kupitishia, ambayo kwayo mchanganyiko mpya hupanda kutoka chini na kuufukuza ule uliokwisha kuungua. Yote hayo humalizika katika mzunguko mmoja wa krenki. Injini iendayo mizunguko 6,000 kwa dakika huyarudia mara 100 katika kila sekunde.

Mwanafunzi ataona kwamba njia ya hewa ni ndefu na ina mapingamizi mengi: chujio, kabureta, vali ya ulimi, chumba cha krenki, milango ya kupitishia, silinda yenyewe, mlango wa moshi, na hatimaye bomba la nje. Hali hii wakulima wa Kilimanjaro wanaijua vema kutokana na mifereji yao. Mtu akipanua banio la mfereji huku chini kuna mahali palipobanwa na mwamba, shamba la mwisho halipati hata ndoo moja zaidi. Kabureta ni banio. Ikiwa ndipo mahali pembamba kuliko pote, kuipanua kutasaidia. Ikiwa sipo, hakutasaidia chochote. Na wahandisi wa viwandani, ambao waliipima injini yao kwa miezi mingi, kwa kawaida huchagua kabureta inayolingana na milango waliyoichonga. Hata bomba la moshi lina sehemu katika ulinganifu huo. Katika miaka ya 1950 Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha MZ huko Ujerumani ya Mashariki, alionyesha kwamba mawimbi ya sauti ndani ya bomba lenye tumbo yaweza kuurudisha silindani mchanganyiko uliokuwa ukitorokea nje. Kufikia mwaka 1961 injini yake ya sentimita za ujazo 125 ilikuwa ikitoa nguvu za farasi 25, yaani 200 kwa kila lita, jambo lililowashangaza wote. Kaaden hakufika huko kwa kupanua kabureta peke yake. Alibadilisha injini nzima, na injini hiyo haikuwa na nguvu yoyote ya maana mpaka ifike mizunguko mingi sana kwa dakika.

Koo na petroli

Kabureta haina pampu ya petroli ndani yake. Petroli hukaa katika bakuli, na boya huhakikisha kwamba kimo chake hakibadiliki. Juu ya bakuli kuna koo ambamo hewa hupita, na mdomo mdogo wa bomba la petroli hufungukia humo, milimita chache juu ya kimo cha petroli iliyo bakulini. Daniel Bernoulli alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1738 kwamba kimiminika kikienda kasi zaidi kanieneo chake hupungua, na Mwitalia Giovanni Battista Venturi aliandika mwaka 1797 juu ya mwendo wa vimiminika katika bomba lililobanwa katikati. Basi hewa ikipita kooni kwa kasi, kanieneo ya pale huwa ndogo kuliko ile ya bakulini, na tofauti hiyo ndiyo inayoipandisha petroli na kuinyunyiza.

Darasani jambo hili laweza kuonyeshwa kwa mirija miwili ya soda na glasi ya maji. Mrija mmoja husimamishwa majini, ncha yake ikitokeza kidogo juu. Mwanafunzi hupuliza kwa nguvu kwa mrija wa pili, akielekeza pumzi yake ipite juu ya ncha hiyo. Maji hupanda na kutawanyika. Akipuliza polepole, maji hupanda kidogo kisha hukoma kabla ya kufika nchani. Hapo mwanafunzi amekwisha kuuona ugonjwa wote wa kabureta kubwa. Kilichobaki ni kuupima.

Tuchukue injini ya sentimita za ujazo 100, iendayo mizunguko 7,000 kwa dakika, na tuseme kwa kurahisisha kwamba katika kila mzunguko huvuta ujazo wake kamili. Itavuta sentimita za ujazo 700,000 kwa dakika, yaani lita 11.7 hivi kwa sekunde. Kabureta yenye koo la milimita 20 ina eneo la sentimita za mraba 3.14, kwa hiyo wastani wa mwendo wa hewa kooni ni mita 37 kwa sekunde. Hewa ya Moshi, penye mwinuko wa mita 850 hivi, ina uzito wa takribani kilo 1.07 kwa kila mita ya ujazo siku yenye joto la sentigredi 25. Kanuni ya Bernoulli huonyesha kwamba mwendo huo unaweza kuinua petroli kiasi cha milimita 100. Hiyo ni nguvu tele.

Sasa ifungwe kabureta ya milimita 26. Tofauti ya milimita 6 yaonekana ndogo, lakini eneo hukua kwa mraba wa kipenyo, nalo huwa mara 1.69 ya lile la kwanza. Mwendo wa hewa hupungua kwa kiasi hicho hicho na kuwa mita 22 kwa sekunde. Nguvu ya kuinua petroli nayo hufuata mraba wa mwendo. Yaani kwa jumla hufuata kipeo cha nne cha kipenyo. Kutoka milimita 100 hushuka hadi 35. Kwa mwendo huu wa juu, milimita 35 bado yatosha, mradi jeti iwe imebadilishwa. Lakini mtu anapopanda mlima haendi mizunguko 7,000. Anaianza kona ya mlima kwa mizunguko 2,000 hivi, kisha anavuta mafuta mpaka mwisho. Katika kabureta ya milimita 20 nguvu ya kuinua petroli wakati huo ni milimita 8. Katika ile ya milimita 26 ni milimita 3 tu. Na mdomo wa petroli, kama ilivyosemwa, uko milimita chache juu ya kimo cha bakuli. Petroli haifiki, au hufika kwa matone makubwa yasiyochanganyika na hewa. Injini hukohoa, hunyong'onyea, na pengine huzima mahali pale pale ambapo mwenyewe alitaka msaada.

Hesabu hizi ni za wastani. Katika injini halisi mlango wa kuingizia hufunguka kwa sehemu tu ya mzunguko, kwa hiyo hewa huenda kwa vishindo, na kila kishindo kina kasi kuliko wastani; ndiyo maana injini yaweza kuunguruma polepole hata pale ambapo hesabu yadai kwamba haiwezi. Uwiano kati ya kabureta mbili, hata hivyo, haubadiliki.

Mlima unavyoingilia

Msomaji aliye makini ataweza kuuliza: je, hewa ya mlimani si nyepesi, na je, koo kubwa halitafidia wepesi huo? Swali ni zuri, na jibu lake ni hapana.

Penye usawa wa bahari, kwa joto la kawaida la Dar es Salaam, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa takribani kilo 1.17. Moshi ni 1.07. Penye lango la Marangu, mita 1,850 hivi juu ya bahari, ambako hewa ni baridi zaidi, ni takribani 0.97. Shule isiyo na barometa inaweza kuupima upungufu huu kwa sufuria na kipimajoto: maji yachemkayo kwa sentigredi 100 pwani huchemka kwa 97 hivi katika Moshi na kwa 94 hivi langoni Marangu. Injini hupata nguvu zake kutokana na uzito wa hewa inayoungua na petroli, wala si kutokana na ujazo wake. Basi injini itoayo nguvu za farasi 8 pwani itatoa kama 7.3 mjini Moshi na 6.6 langoni Marangu. Silinda ni ile ile na inajaa kama kawaida, ila inajaa kitu chepesi. Koo lingepanuliwa hata likawa kama mdomo wa kikombe, silinda isingeweza kushika zaidi ya ujazo wake. Kinachoweza kurudisha nguvu hizo ni pampu ya kuisukumiza hewa ndani kwa nguvu, kama zifanyavyo injini nyingi za dizeli za malori, na kifaa cha namna hiyo hakifungwi katika AG100.

Mlima hubadilisha pia ulinganifu wa petroli na hewa, na hapa ndipo penye hatari. Ili petroli iungue yote bila kubaki wala kupungukiwa, gramu moja yahitaji gramu 14.7 za hewa. Kwa nguvu nyingi zaidi mafundi hulenga 12 au 13. Wepesi wa hewa hupunguza uzito wa hewa ipitayo kooni kwa kiasi kamili, lakini hupunguza petroli ivutwayo kwa kipeuo cha pili cha kiasi hicho tu. Kutoka Moshi hadi langoni Marangu hewa hupungua kwa asilimia 9, ilhali petroli hupungua kwa chini ya asilimia 5. Matokeo yake ni kwamba kadiri mtu apandavyo, mchanganyiko huzidi kuwa mzito, yaani wenye petroli nyingi mno. Na kadiri ashukavyo, huzidi kuwa mwepesi.

Mchanganyiko mzito una kero zake: moshi mweusi, plagi yenye masizi, petroli ipoteayo bure. Lakini mara chache huua injini. Mchanganyiko mwepesi huiua. Petroli ipitayo katika injini ya mapigo mawili hupoza pistoni inapogeuka kuwa mvuke. Ikipungua, joto hupanda. Alumini safi huyeyuka kwa sentigredi 660, na aloi za pistoni huanza kulainika mapema zaidi. Pistoni hutanuka kuliko silinda, mafuta ya kulainisha hukauka, na mara injini hukamata, gurudumu la nyuma likiburuzika. Mafundi husema injini "imenoki". Kwa aliye na bahati huwa ni mikwaruzo tu. Kwa asiye nayo huwa ni tundu katikati ya pistoni.

Tufikirie basi fundi wa Marangu afungaye kabureta ya milimita 26 katika pikipiki ya mteja, akaijaribu katika barabara za huko huko juu mpaka ikaenda vizuri. Amefanya kazi kwa uangalifu, na hakuna wa kumlaumu. Siku ya Jumamosi mteja anateremka Himo, anashika barabara ya lami iliyonyooka kuelekea Same, na kwa kuwa injini inaenda kwa wepesi usio wa kawaida, anavuta mafuta mpaka mwisho kwa nusu saa. Wepesi ule ndio dalili. Mchanganyiko uliokuwa sawa penye mita 1,850 umekuwa hafifu penye mita 850, na injini ambayo haikuonyesha kasoro yoyote kule juu inafia tambarare.

Hatari ya mteremko

Kuna jambo jingine ambalo halina uhusiano na ukubwa wa kabureta, lakini huzidishwa nao. Katika injini nyingi ndogo za mapigo mawili mafuta ya kulainisha huchanganywa ndani ya petroli, kwa uwiano uliotajwa na kiwanda, kama 1 kwa 25 au 1 kwa 50. Mafuta hayo hufika kwenye beringi na pistoni kwa njia moja tu, ya kabureta. Mtu ashukaye mteremko mrefu akiwa katika gia, mkono wa mafuta ukiwa umefungwa, huilazimisha injini izunguke kwa kasi huku kabureta ikipitisha petroli kidogo sana, na kwa hiyo mafuta kidogo sana. Kutoka lango la Machame hadi barabara kuu ya Arusha ni mteremko karibu mtupu.

Viwanda vya magari vilikutana na tatizo hili zamani. Magari ya DKW na Saab yenye injini za mapigo mawili yaliwekewa kifaa kinachoyaruhusu magurudumu kuitangulia injini, kama baiskeli inavyoendelea kwenda mpandaji aachapo kupiga pedali. Gari la DKW la silinda tatu, lenye injini ya namna hiyo, ndilo lililoshinda mashindano ya Coronation Safari mwaka 1956, yaliyopita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa hiyo si haki kusema kwamba injini ya mapigo mawili haiwezi milima ya kwetu. Pikipiki haina kifaa hicho. Mpandaji mwenye busara huvuta mafuta kidogo kila baada ya muda mfupi, hata akiwa anashuka, ili pistoni isikauke. Kuongeza mafuta ya kulainisha kupita kipimo, kama wafanyavyo wengine kwa hofu, si kinga kamili: jeti hupitisha kiasi kile kile cha kimiminika, na kila tone la mafuta lililozidi huchukua nafasi ya tone la petroli. Mchanganyiko ukawa mwepesi kwa sababu ya tahadhari.

Kile ambacho mlima wahitaji

Hesabu ndogo ya mekanika huonyesha kwamba mara nyingi nguvu haikupungua kwa kiasi kinachodhaniwa. Pikipiki, mpandaji, abiria na mzigo wao, tuseme kilo 250, wakipanda mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 8, wanahitaji msukumo wa niutoni 307 kushinda uzito wao. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa hiyo ni wati 1,700, yaani nguvu za farasi 2.3. Hata ukiongeza msuguano wa magurudumu na wa mnyororo, injini ya farasi 6.6 inabaki na akiba. Kwa kilomita 40 kwa saa akiba hiyo inakaribia kwisha. Kinachohitajika basi ni kupanda polepole huku injini ikizunguka upesi, na jambo hilo huletwa na gia. Sproketi ya mbele yenye meno 14 ikibadilishwa na ya meno 13, msukumo wa gurudumu la nyuma huongezeka kwa karibu asilimia 8, na mwendo wa juu kabisa hupungua kwa asilimia 7. Kipande hicho ni rahisi kuliko kabureta, hufungwa kwa dakika chache, na hakibadilishi chochote ndani ya injini.

Kabla ya hapo kuna mengine ya kuangaliwa, na hayana fahari yoyote. Vumbi jekundu la Kilimanjaro ni laini kiasi cha kuziba chujio katika wiki chache za kiangazi. Mlango wa moshi na bomba la nje la injini ya mapigo mawili hujaa masizi magumu ya mafuta yaliyoungua. Kuyakwangua hurudisha nguvu ambazo mwenyewe alikwisha kusahau kuwa alikuwa nazo. Ringi zilizokwisha na sili za krenki zinazovuja huifanya pampu ya chini kuwa ya bure. Sili inayovuja huingiza pia hewa isiyopita katika kabureta, na hivyo kuufanya mchanganyiko mwepesi bila mtu kugusa jeti.

Kama baada ya hayo yote mwenyewe bado ataka kabureta kubwa, kwa mfano kwa sababu milango ya silinda imepanuliwa au injini ni ya mashindano, basi hatua iwe ndogo. Kutoka milimita 20 hadi 22 nguvu ya kuinua petroli hubaki kiasi cha theluthi mbili, nayo yavumilika. Jeti kuu hapana budi ikue pia. Kwa nadharia kipenyo cha tundu lake kinakua kwa uwiano ule ule wa koo, lakini fundi mwangalifu huanza na jeti kubwa kupita hiyo, kisha hushuka ngazi moja moja. Namba zilizopigwa juu ya jeti zisimdanganye: namba za Keihin hutaja kipenyo cha tundu katika sehemu za mia za milimita, ilhali zile za jeti kuu za Mikuni hutokana na kiasi cha petroli kipitacho kwa dakika, kwa hiyo jeti ya 100 ya huku si jeti ya 100 ya kule. Jaribio lifanyike mahali pa chini kabisa ambapo chombo kitafika, na asubuhi ya baridi ya mwezi Julai, wakati hewa ina uzito mwingi. Injini ipigwe mwendo wa juu kwa kilomita moja au mbili, izimwe papo hapo klachi ikiwa imeshikwa, na plagi ifunguliwe. Kauri yake ikiwa na rangi ya kahawa iliyokaangwa kidogo, mchanganyiko ni sawa. Ikiwa nyeupe kama chokaa, pikipiki isiendeshwe tena mpaka jeti ibadilishwe. Mchanganyiko uliopatikana hivyo utakuwa mzito kidogo mwenyewe apandapo nyumbani, na atapoteza petroli kiasi. Lakini kosa hilo liko upande ulio salama.

Injini zenye pampu ya mafuta ya kulainisha, mtindo ambao Yamaha iliuanzisha mwaka 1964 kwa jina la Autolube, zina tahadhari yao. Pampu hiyo huongozwa na kebo ile ile ya mkono wa mafuta, na kizibo cha kabureta ya milimita 26 husafiri mbali zaidi kuliko cha milimita 20. Kebo ikifungwa ilivyokuwa, pampu na kabureta havitakwenda sambamba tena. Juu ya pampu kuna alama ndogo zilizochongwa ili zilingane mkono wa mafuta ukiwa katika nafasi iliyotajwa na kiwanda. Fundi afungaye kabureta yoyote isiyo ya asili huzilinganisha alama hizo upya kabla ya kuipiga injini kiki ya kwanza.